Hii Primiamu Ndiyo Nini?

Februari, Mama Mkubwa alinipigia simu akaniambia nipande treni niende Leicester Jumamosi hiyo, na nisisahau miwani. Nilidhani kuna barua ya hospitali. Nilipofika nilikuta meza ya jikoni imejaa vijitabu vya matangazo, vinene, vya karatasi inayoteleza, kila kimoja kina bahari ya buluu kwenye jalada. Alikuwa amestaafu Desemba baada ya miaka 31 ya uuguzi katika hospitali za Uingereza. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshaingia benki. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, na watoto wana nyumba zao.

"Narudi Mombasa," alisema. "Lakini sirudi kwa ndege. Narudi kwa meli."

Alitaka safari ndefu, zile za miezi mitatu au zaidi, zinazoondoka Southampton na kuzunguka dunia au nusu yake. Alinimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea kijitabu kimoja na kuweka kidole juu ya neno lililoandikwa kwa herufi za dhahabu.

"Wewe ndiye msomi wa maneno. Hii primiamu ndiyo nini?"

Nasoma shahada ya uzamili ya isimu, Leeds. Nikiambiwa niieleze kwa ufupi, kazi yangu ni kuuliza neno linafanya nini pale lilipowekwa. Nikajibu haraka, "Ni kama daraja la juu kidogo."

"Juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Wiki tatu baadaye ninalo, na ndilo ninalotaka kulitetea hapa: primiamu si juu ya kitu chochote. Ni neno lisilo na kipimo, lisilo na mkaguzi na lisilo na wa kushtakiwa, na kazi yake ni kumfanya mtu aache kuuliza maswali kabla hajafika kwenye yale yanayomhusu. Naliandika kama alivyolitamka yeye, kwa sababu kinywani mwake lilisikika jinsi lilivyo: neno la mgeni aliyeingia bila kujitambulisha.

Kwanza, biashara yenyewe inavyolitumia. Katika meli za kitalii kuna ngazi ambayo mawakala na waandishi wa utalii huirudia kama sala. Chini kuna meli za kawaida, kama za Carnival na Royal Caribbean. Juu yake kuna primiamu: Princess, Holland America, Celebrity. Kisha huja primiamu ya juu, kisha anasa, kisha anasa kuu, walipo Seabourn, Silversea na Regent. Ukiitazama unadhani mtu fulani aliketi mahali fulani na futi kamba akazipima meli hizi moja moja. Hakuna aliyeketi. Ngazi hii imejengwa na wauzaji, kwa ajili ya wauzaji.

Tena wauzaji wenyewe ni wachache kuliko majina yao. Shirika la Carnival linamiliki Carnival ya kawaida, Princess na Holland America za primiamu, na Seabourn ya anasa. Kundi la Royal Caribbean linamiliki Royal Caribbean, Celebrity na Silversea. Norwegian nao wana Norwegian, Oceania na Regent. Ngazi tatu, mwenye nyumba mmoja. Hilo si kosa la jinai. Hata muuza vitenge huwa na rafu ya chini na rafu ya juu. Ila ujue kwamba anayekuambia "panda ngazi moja" mara nyingi ndiye anayekungoja huko juu.

Nilisomea shahada ya kwanza Dar es Salaam, na nilikuwa nikisafiri kwa basi kati ya Dar na Mombasa kila likizo. Tanzania, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, LATRA, hutofautisha mabasi ya daraja la kawaida na ya daraja la kati, na hutangaza nauli ya juu kabisa ya kila daraja. Abiria akitozwa nauli ya daraja la kati ndani ya basi la kawaida, ana pa kulalamika. Hoteli zetu za Afrika Mashariki nazo hupewa nyota kwa vigezo vilivyokubaliwa na Jumuiya, na wakaguzi huingia mpaka jikoni. Najua nyota hizo zina mizengwe yake. Lakini angalau kuna karatasi yenye vigezo, na kuna ofisi yenye mlango. Basi mtu wa Tanga anayelipa nauli ya basi ana ulinzi wa neno kuliko muuguzi mstaafu anayeweka pauni 20,000 mezani. Hakuna mamlaka inayosema meli ya primiamu lazima iwe na nini.

Ushahidi wangu mzuri zaidi ni meli nane. Kati ya 1998 na 2001 kampuni iliyoitwa Renaissance Cruises ilijengewa meli nane zinazofanana, huko Saint-Nazaire, Ufaransa. Hawakujisumbua kuzipa majina. Ziliitwa R One, R Two, mpaka R Eight. Kila moja ina ukubwa wa tani 30,277 hivi na ilijengwa kwa abiria 684 hivi. Septemba 2001 kampuni ilifilisika, na meli zikatawanyika kama watoto wa marehemu kwa wajomba. Nne zilifika Oceania. Nyingine zilipita Princess, P&O, Azamara.

Fuata moja tu. R Three iliingia Princess mwaka 2002 ikaitwa Pacific Princess, na kwa miaka yake ya mwisho huko ilikuwa ikizungusha watu dunia nzima, meli ya primiamu. Ikauzwa 2021. Mwaka uliofuata ikatokea tena Azamara kwa jina la Azamara Onward, nayo Azamara huwekwa ngazi moja juu ya Princess. R Four ilikuwa Tahitian Princess, kisha Ocean Princess, kisha mwaka 2016 ikawa Sirena ya Oceania: nayo ikapanda. Chuma kilekile, vyumba vilekile vidogo, bafu zilezile ambazo pazia lake hukushika mgongoni. Ndiyo, zulia lilibadilishwa, mpishi alibadilishwa, wahudumu nao, na hayo ni mambo ya maana kwa mtu atakayekula humo siku mia. Lakini basi tuambiwe hivyo: zulia jipya, mpishi fulani, mhudumu mmoja kwa abiria wangapi. Neno primiamu halikusema lolote kati ya hayo.

Nilipomsomea Mama Mkubwa habari za meli nane, alicheka, kisha akasema kitu kilichonibadilishia kazi. "Mwanangu, sisi wodini hatusomi sura ya mgonjwa. Tunasoma chati. Chati yake iko wapi?"

Chati ipo, ila haichapishwi kwa dhahabu. Ya kwanza ni nafasi. Ukubwa wa meli hupimwa kwa tani ambazo, licha ya jina lake, hazipimi uzito bali ujazo wa ndani. Gawanya tani hizo kwa idadi ya abiria, unapata mgao wa nafasi kwa kila mtu. Tulifanya hesabu nyuma ya bahasha ya benki. Icon of the Seas, jitu la Royal Caribbean lenye mabwawa na mateleza ya maji, meli ya kawaida kabisa kwa ngazi ya mawakala: tani 248,663, abiria 5,610 wakilala wawiliwawili, mgao 44. Sun Princess, meli mpya ya primiamu: tani 177,882, abiria 4,300 hivi, mgao 41. Zile R ndogo zilivyojengwa: 44, sawasawa na lile jitu. Seven Seas Explorer ya Regent: tani 55,254, abiria 746 hivi, mgao 74. Hapo ndipo penye tofauti unayoweza kuihisi kwa mabega.

Lazima niwe mkweli. Icon ikijaza vitanda vyote, pamoja na vya watoto, hubeba watu 7,600, na mgao hushuka chini ya 33. Namba nazo hudanganya ukiisoma moja peke yake. Muuguzi yeyote atakuambia hivyo kuhusu joto la mwili. Ila namba ikidanganya unaweza kuigeuza na kuiuliza tena. Kivumishi hakiulizwi.

Ya pili ni usafi. Meli za abiria zinazopita bandari za Marekani baada ya kutoka nchi nyingine hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa taasisi ya CDC, bila kupewa taarifa mapema, na kupewa alama kati ya 100. Alama 85 kushuka ni kufeli, na matokeo huwekwa hadharani. Mama Mkubwa alikesha akiyasoma kama mtu aliyeletewa magazeti ya nyumbani. Asubuhi aliniambia kuna meli za majina makubwa zenye alama za aibu, na za majina ya kawaida zenye 100.

Ya tatu ni pesa, na hapa nilikasirika. Vijitabu viwili vilibaki mezani. Nitaviita cha kwanza na cha pili. Cha kwanza kilikuwa na neno la dhahabu: usiku 107, kuanzia pauni 14,900. Cha pili hakikuwa na neno hilo popote, na kilikuwa ghali zaidi kwa muonekano: pauni 15,800. Lakini bei hizo ni za mtu mmoja akilala na mwenzake. Mama Mkubwa ni mjane. Nyuma kabisa ya kijitabu cha kwanza, kwa maandishi ya chungu wadogo, anayelala peke yake huongezwa asilimia 75. Inafika pauni 26,075. Bado bakshishi, dola 17 kila siku, hukatwa yenyewe kwenye akaunti yako: kwa usiku 107 ni dola 1,819. Bado intaneti, bado kufuliwa nguo, na miezi mitatu na nusu huwezi kufua kwenye sinki. Cha pili kilikuwa na vyumba vichache vya mtu mmoja kwa nyongeza ya asilimia 25: pauni 19,750, bakshishi na kufua ndani yake. Tofauti ni pauni 6,325 kabla hujahesabu hizo nyongeza nyingine. Kuhusu kifo cha mumewe, neno primiamu lilikaa kimya mpaka ukurasa wa mwisho.

Ya nne ndiyo iliyokuwa moyoni mwake, nami nilichelewa kuiona. Ramani zote mbili zilikuwa na kidoto Mombasa. Cha kwanza: kufika saa mbili asubuhi, kuondoka saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo. Ondoa saa ya kuteremka, ondoa saa ya kurudi kabla ngazi haijapandishwa. Babu amezikwa Kikowani, huko ni karibu. Lakini mama yangu, mdogo wake, anakaa Likoni, na kila aliyewahi kusimama kwenye foleni ya feri anajua saa saba zinavyoweza kuyeyuka mbele ya macho yako na maji ukiyaona. Cha pili kililala Mombasa usiku mmoja.

Tena hata hicho kidoto si ahadi. Mikataba ya safari hizi huipa kampuni haki ya kuruka bandari au kubadilisha njia. Lazima iwe hivyo kwa sehemu, bahari haisaini mkataba. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zimezikwepesha meli zao na kuzungusha Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Meli za primiamu na za kawaida zimezunguka pamoja. Kwa hiyo swali la mtu anayerudi nyumbani kwa meli si la daraja. Ni hili: mkiiruka bandari yangu mtanipa nini? Tuliwapigia simu wote wawili. Mmoja alisoma kifungu. Mwingine alisema, "Mama, sisi ni primiamu, huwa tunawajali wageni wetu." Neno lilikuwa limefanya kazi yake: lilijibu swali kwa kulifunika.

Wakala huyo, nikiri, alikuwa mtu mwenye subira, na alinipa hoja nzuri kuliko zote nilizosikia upande wao. Alisema watu wengi hawana wiki tatu wala mpwa wa kuwasomea mikataba. Lebo ni njia ya mkato, inampeleka mteja karibu na anachokitaka. Nakubali kwamba watu wanahitaji njia za mkato. Ndiyo maana lebo lazima iwe na maana. Kibao cha barabarani kikikuelekeza porini, si jibu kusema wasafiri wana haraka. Kama biashara hii inataka maneno ya daraja, iyafunge kwenye namba tano: mgao wa nafasi, idadi ya wahudumu kwa abiria, saa za kukaa bandarini, bei ya mtu mmoja pamoja na makato yote, na fidia ya bandari iliyorukwa. Hazizidi mistari mitano. Herufi za dhahabu zinatosha kuziandika.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliposikia ninachoandika alinicheka. Haya ni matatizo ya matajiri, alisema. Nilimjibu kwamba tajiri hahitaji lebo. Tajiri ana mtu wa kumwambia. Lebo hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeweka akiba miaka 31, anayenunua mara moja, na anayeogopa kukosea. Ni mtu yuleyule anayelipia mtoto shule kwa sababu ina neno "akademi" getini.

Na huo woga ndio nilioukuta mwishoni. Siku ya kuamua nilipanga karatasi zangu zote mezani nikiwa na hakika nimeshinda. Mama Mkubwa alizitazama, kisha akasema bado anataka cha kwanza.

"Kwa nini?"

"Wajua babu yako alikuwa kuli Kilindini."

Nilijua.

Aliniambia kuhusu Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India zilizokuwa zikija kutoka Bombay kwenda mpaka Durban. Akiwa mtoto alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana. Anakumbuka abiria wa sitaha wakishuka na magodoro na masufuria, na wale wa daraja la kwanza wakishuka upande mwingine, mikono mitupu, kwa sababu masanduku yao yalikuwa juu ya mabega ya watu kama babu. "Sitaki kuingia Kilindini kwa meli ya kawaida," alisema. "Sikufanya kazi usiku miaka yote ile nishuke na godoro."

Hapo isimu yangu yote ilinyamaza. Nilikuwa nimeshughulika kuthibitisha kwamba neno halina maana, na huku kwake lilikuwa na maana kuliko namba zangu zote. Lilimaanisha mkono mtupu.

Lakini ndiyo sababu sasa nina hasira zaidi. Wanaoliandika wanajua kwamba hawauzi zulia. Wanauza kutodharauliwa, na hicho hawana. Meli za Cunard mpaka leo hupanga utakula mgahawa upi kwa kufuata chumba ulicholipia. Celebrity wana mgahawa na eneo zima la wenye vyumba vikubwa tu. Ukishanunua primiamu, ndani yake unakuta mlango mwingine usiofunguka kwa kadi yako. Ngazi haiishi, kwa sababu ikiisha hutapandishwa tena. Na masanduku bado yako mabegani mwa mtu, mara nyingi wa Ufilipino, Indonesia au India, na siku hizi wa Mombasa pia.

Nilimwambia hayo, si kwa ufasaha huu. Nilimwambia pia kwamba mama atakuja na feri ya alfajiri, na kwamba akiwa na saa saba ataziishia Likoni kwenye foleni. Hakunijibu. Alivaa miwani yangu, yake ilikuwa juu, akachukua ile bahasha ya benki na kuisoma tangu juu mpaka chini, kidole kikifuata mstari, kama anapokea zamu.

Kisha akachukua kalamu. Chini ya namba zangu aliongeza swali lake mwenyewe, ambalo sikuwa nimelifikiria: wahudumu wa chumba wanafanya kazi saa ngapi kwa siku, na mkataba wao ni miezi mingapi? Akawapigia simu wote wawili, kwa ile sauti ya wodini isiyokubali kusubirishwa. Wa neno la dhahabu alisema hana taarifa hizo. Wa pili alisema atauliza, na baada ya siku mbili aliuliza kweli: saa kumi kwa siku, miezi minane.

"Ndefu," alisema Mama Mkubwa. "Lakini ameuliza."

Amelipa amana ya meli ya pili. Chumba chake hakina dirisha. Mama ameshaanza kugombana na majirani kuhusu nani atakwenda kumpokea Kilindini, na mimi nimeagizwa kutafuta mtu wa kubeba masanduku, alipwe vizuri, na jina lake liulizwe mapema.